Muziki Uliobanwa: Nusu Karne na Ushei ya Albamu za Metali

Kila bendi kongwe ya hevi metali inapotangaza albamu mpya, mashabiki hugawanyika kabla hata wimbo wa kwanza haujasikika. Wako wanaotaka wazee wastaafu na heshima yao, na wako wanaonunua bila kuuliza. Mimi nina kipimo kimoja, na nimekitumia kwa kila albamu niliyoipenda na kila niliyoiacha katikati: nauliza ni nini kiliwabana wanamuziki hawa walipokuwa wakiitengeneza. Bendi iliyobanwa na umri, au uhaba wa fedha, au muda, au mwili wenyewe, mara nyingi hutoa kitu cha kusikilizwa mpaka mwisho. Bendi yenye kila kitu, isiyo na mtu wa kuiambia basi, hutoa dakika 77 ilhali 40 zingetosha.

Kipimo hicho kimo ndani ya historia ya muziki wenyewe, tangu kabla haujapewa jina.

Mwaka 1965, mjini Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikwenda kazini kwa siku ya mwisho. Alikuwa fundi katika kiwanda cha bati, na alikuwa ameshapata nafasi ya kupiga gitaa kwa mshahara. Siku hiyo mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Mpiga gitaa wa kawaida angeweza kusalimika, kwa kuwa mkono wake wa kulia hucharaza nyuzi tu. Iommi ni mashoto. Vidole vilivyokatika ndivyo vilivyokuwa vikibana nyuzi kwenye shingo ya gitaa.

Msimamizi wake kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono mwaka 1928 akaendelea kupiga kwa kutegemea vidole viwili. Iommi akaisikiliza, kisha akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga iwe vifuniko vya vidole, akavibandika vipande vya ngozi ya jaketi kuukuu ili visiteleze. Nyuzi za gitaa za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa vidole hivyo, na nyuzi nyepesi hazikuwa zikiuzwa, kwa hiyo akafunga nyuzi za banjo. Baadaye akaanza kuzilegeza. Kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, nyimbo kadhaa zilipigwa kwa gitaa lililoshushwa toni moja na nusu, na mpiga besi wake, Geezer Butler, akaishusha besi yake kumfuata. Ndipo sauti ikawa nene na nzito namna ile. Maelfu ya bendi zimelegeza nyuzi tangu siku hiyo, nyingi zikiwa na vidole vyote kumi, na zote zinafuata njia aliyoifungua mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kupiga bila maumivu.

Iommi na wenzake watatu, Butler, Bill Ward na Ozzy Osbourne, waliingia studio jijini London mwezi wa Oktoba 1969 wakiwa na jina jipya, Black Sabbath, na fedha za kuwatosha muda mfupi sana. Karibu albamu yote ilirekodiwa kwa siku moja. Walipiga nyimbo walivyozoea kuzipiga jukwaani, wakaondoka. Ilitoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, ikiwa na dakika 38, na wakosoaji wengi wakaidharau. Miezi saba baadaye ikatoka Paranoid. Wimbo uliobeba jina la albamu hiyo, ambao leo hata wasiopenda metali wanaufahamu, ulitungwa harakaharaka kwa sababu prodyuza aliona santuri haijajaa na panahitajika dakika tatu hivi za ziada.

Santuri nayo ilikuwa na sheria yake. Upande mmoja ulibeba dakika 20 au 22 kwa raha. Ukizidisha, mifereji hubanana, sauti hupungua nguvu, na kinachoumia kwanza ni zile sauti za chini ambazo muziki huu unazitegemea. Kwa hiyo bendi ya miaka ya sabini ililazimika kuchagua. Wimbo dhaifu ulikatwa kwa kukosa nafasi, hata kama aliyeutunga alikuwa akiupenda.

Kutoka eneo hilohilo la viwanda wakatokea Judas Priest. Mwimbaji wao, Rob Halford, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akipita kando ya viwanda vya kuyeyushia chuma akienda shule, na Glenn Tipton aliwahi kufanya kazi katika shirika la chuma la British Steel kabla ya kuishi kwa gitaa. Mwaka 1980 jina la shirika hilo likawa jina la albamu yao. Waliirekodi katika jumba la kifahari la Tittenhurst Park, lakini vifaa vya kunakili na kuchezea sauti kwa kompyuta vilikuwa bado havijaenea. Walipotaka mshindo wa majitu ya chuma yakitembea, walibeba trei za visu na uma kutoka jikoni wakazitikisa mbele ya vipaza sauti. Walipotaka sauti ya vitu vikivunjika, walivunja chupa za maziwa. British Steel ina dakika 36 tu. Wako wanaoiona nyepesi ukilinganisha na Painkiller yao ya mwaka 1990, na kwa ukali wa gitaa hawakosei, lakini mimi bado naiweka mbele. Kila rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo, imepunguzwa mpaka hakuna kilichobaki cha kuondoa.

Kasi, kwa upande mwingine, ilikuja kwa njia nyingi, na mojawapo inaanzia Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaondoka na familia yake mwaka 1964, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, si ya metali, na sitalazimisha iwe. Lakini katika albamu yao ya Sheer Heart Attack ya mwaka 1974 kuna wimbo wa dakika mbili na kidogo, Stone Cold Crazy, uliokimbia kwa kasi ambayo metali yenyewe ilikuwa bado haijaifikia. Metallica waliurekodi upya mwaka 1990 na mwaka uliofuata wakapata tuzo ya Grammy kwa ajili yake. Freddie alipofariki, tamasha la kumkumbuka lilifanyika katika uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992, na wimbo huo ukaimbwa na James Hetfield wa Metallica pamoja na Queen, huku Tony Iommi akiwa na gitaa lake jukwaani. Anayedai kwamba muziki huu hautuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki aitazame video ya siku ile.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Uingereza ilijaa bendi mpya za metali, nyingi zikiwa na fedha za kurekodi santuri ndogo ya nyimbo mbili tu. Iron Maiden ya Steve Harris, iliyoanzia mashariki mwa London siku ya Krismasi 1975, ndiyo iliyovuka mipaka yote. The Number of the Beast, ya mwaka 1982, ilikuwa ya kwanza kuimbwa na Bruce Dickinson, na mkataba wake wa zamani na bendi ya Samson ulimzuia kuandikwa kama mtunzi wa wimbo wowote. Akaweka nguvu zake zote kooni. Albamu ina takriban dakika 40, na ilishika nafasi ya kwanza kwao Uingereza.

Wakati huo huko California, kijana wa Kidenmaki, Lars Ulrich, alikuwa akikusanya santuri hizo za Kiingereza kwa uchu mkubwa. Yeye na Hetfield walianzisha Metallica mwaka 1981. Redio hazikupiga nyimbo zao. Muziki wao ulisambaa kwa kanda: shabiki alinakili kanda, akaitia kwenye bahasha, akamtumia shabiki mwenzake mji mwingine au nchi nyingine, naye akatumiwa yake. Kanda ikinakiliwa mara nne, sauti za juu hufifia na mvumo huongezeka. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya thrashi, metali ile ya kasi, kupenda rifu zenye makali. Rifu butu isingeifikia nyumba ya tano.

Master of Puppets ilirekodiwa Copenhagen ikatoka mwezi wa Machi 1986. Nyimbo nane, dakika 55, bila video hata moja. Miezi sita baadaye, tarehe 27 Septemba, basi la bendi lilipinduka nchini Sweden na Cliff Burton, mpiga besi wao, akafa akiwa na miaka 24. Burton ndiye aliyewafungulia wenzake mlango wa kusikiliza Bach na kuelewa jinsi sauti mbili zinavyoweza kwenda njia tofauti na bado zikakutana. Msiba ule unasikika kwenye albamu iliyofuata, ...And Justice for All ya mwaka 1988, kwa njia ya kusikitisha kabisa: besi ya Jason Newsted, aliyechukua nafasi yake, karibu haisikiki. Nyimbo ni imara, zimeandikwa na watu wenye akili kali. Sauti ya albamu, hata hivyo, ni kavu kama mfupa, na urefu wake wa dakika 65 ulihitaji santuri mbili. Hapo ndipo naona kwa mara ya kwanza bendi ya metali isiyo na wa kuizuia.

Mwaka uleule wa 1986, tarehe 7 Oktoba, Slayer, bendi nyingine ya thrashi, walitoa Reign in Blood. Nyimbo kumi, dakika 29. Kwenye kanda, albamu nzima iliingia upande mmoja, ikarudiwa yote upande wa pili. Rick Rubin, prodyuza aliyetokea kwenye hip hop, aliondoa mwangwi wote ambao bendi za metali zilizoea kujifunika nao, kwa hiyo kila pigo la mpiga ngoma Dave Lombardo linasikika lilipoanza na lilipoishia. Kama mtu hajawahi kusikia metali na ananipa nusu saa, namwekea hiyo, bila maelezo.

Kuanzia hapo njia ziligawanyika upesi. Huko Florida, Chuck Schuldiner alitoa Scream Bloody Gore mwaka 1987 kwa jina la bendi yake, Death, akiwa ameimba na kupiga gitaa na besi yeye mwenyewe kwa kukosa wenzake wa kudumu. Metali ya mauti ikapata studio yake, Morrisound ya Tampa. Wengi waliomfuata waliendelea kuimba juu ya mizoga. Schuldiner alichoka mapema na jambo hilo, akahamia kwenye maswali ya nafsi na haki, na kila albamu yake kuanzia Human ya 1991 hadi The Sound of Perseverance ya 1998 ilipiga hatua mbele ya iliyotangulia. Uvimbe wa ubongo ulimuua tarehe 13 Desemba 2001, akiwa na miaka 34. Sijui mtu mwingine katika muziki huu aliyekua kiasi hicho mbele ya masikio yetu.

Bendi za Norway zilichagua kubanwa kwa makusudi. Studio nzuri zilikuwepo, lakini Darkthrone walirekodi Transilvanian Hunger ya mwaka 1994 kwa mashine ya njia nne, sauti ikatoka nyembamba na yenye baridi, gitaa likivuma bila kupumzika. Metali nyeusi yao ni nzuri ajabu masikioni. Waliokuwa karibu nayo walichoma makanisa ya kale ya mbao, na Agosti 1993 Varg Vikernes wa bendi ya Burzum alimuua Euronymous wa bendi ya Mayhem. Hayo ni makosa ya jinai yaliyoumiza watu, na magazeti ya muziki yaliyoyageuza kuwa hadithi ya kuuzia santuri yalikosa adabu. Albamu zinaweza kusikilizwa kwa ubora wake. Uhalifu hauhitaji kusifiwa ili gitaa lisikike vizuri.

Na huko Brazil wakatokea Sepultura, vijana wa Belo Horizonte walioanza mwaka 1984 na vifaa duni hata kwa viwango vya siku hizo. Morbid Visions ya 1986 ni ya magitaa yasiyokubaliana na sauti inayoyumba. Miaka kumi baadaye walisafiri mpaka Mato Grosso, wakarekodi na watu wa jamii ya Xavante kwa ajili ya Roots, albamu iliyoweka ngoma za Brazil katikati ya metali mahali ambapo ulimwengu mzima ungezisikia. Mwaka uleule mwimbaji wao, Max Cavalera, akaondoka, na bendi haikurudi kuwa ile. Hivi karibuni Max na ndugu yake Igor wamezirekodi upya kazi zao za utotoni: Morbid Visions mwaka 2023, Schizophrenia mwaka 2024. Zimepigwa kwa ustadi, zina nguvu, na sauti imenyooka. Bado narudi kwenye za mwanzo, kwa sababu hofu na haraka ya vijana wale, waliokuwa hawana uhakika wa kupata studio mara ya pili, haiwezi kurekodiwa tena na watu wazima wenye studio nzuri.

Kisha ikaja sidii, nayo ilibadilisha mambo kuliko mitindo yote niliyoitaja. Diski moja ilibeba zaidi ya dakika 74 bila sauti kudhoofika, na watu wakaanza kuona kwamba nafasi iliyobaki tupu ni hasara. Metallica wenyewe walikuwa wamepata kinga kwa muda. Albamu yao yenye jalada jeusi ya mwaka 1991 ilisimamiwa na prodyuza Bob Rock, aliyewalazimisha kupiga pamoja chumba kimoja, kurudia, kufupisha, na kusikiliza besi. Waligombana naye kwa miezi mingi. Matokeo yake ni albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 16 nchini Marekani pekee. Mashabiki wa zamani waliwaita wasaliti, nami siwaungi mkono. Rifu ya Sad but True ni nzito kwa sababu mtu fulani aliwaambia wapunguze mwendo na wapunguze noti.

Kinga hiyo haikudumu. Load ya mwaka 1996 iliijaza diski mpaka ukingoni, karibu dakika 79. Mwaka uliofuata ikaja Reload, yenye nyimbo zilizobaki kutoka mkondo uleule, dakika 76 nyingine. Ndani ya saa hizo mbili na nusu kuna albamu moja nzuri sana ya dakika 45. Hakuna aliyeitafuta.

St. Anger ya mwaka 2003 inakipinga kipimo changu, na lazima niijibu. Metallica walibanwa kila upande: Newsted ameondoka, Hetfield ametoka kutibiwa ulevi na anaruhusiwa kufanya kazi saa nne tu kwa siku, wenzake wamekata tamaa. Yote hayo yanaonekana kwenye filamu ya Some Kind of Monster. Kwa hesabu yangu ingepaswa kuwa albamu kuu. Ina dakika 75, nyimbo zinazojirudia kupita uwezo wake, hakuna soli za gitaa, na ngoma ndogo inalia kama sufuria. Nimeisikiliza tena na tena nikitafuta jibu, na naona kwamba shida ilibaki kwa watu, haikufika kwenye nyimbo. Walikuwa na saa chache za kurekodi lakini walikuwa na kompyuta ya kuunganisha vipande bila mwisho, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Iommi shida yake ilimlazimisha kubadilisha nyuzi zenyewe. Maumivu matupu hayatungi rifu.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na ugonjwa mwingine wa kiufundi: kurekodi kwa kelele kupita kiasi. Death Magnetic ya mwaka 2008 ina nyimbo bora za Metallica kwa zaidi ya miaka 15, lakini sauti ilikandamizwa mpaka kilele cha kila wimbi kikakatika, na masikio huchoka kabla ya wimbo wa nne. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa safi zaidi, wakadai albamu ichanganywe upya. Walikuwa na haki. Uzito wa metali hutokana na tofauti kati ya kimya na mshindo, na ukikifuta kimya hubaki ukuta usio na mlango.

Sasa nifike kwa wazee na albamu zao za uzeeni, maana hapo ndipo ubishi wa mashabiki ulipo mkali.

Black Sabbath walipoanza kutengeneza 13, Iommi aliambiwa, mwanzoni mwa mwaka 2012, kwamba ana saratani ya tezi za limfu. Kazi ikapangwa kuzunguka matibabu yake. Albamu ilitoka Juni 2013 na ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, kwa mara ya kwanza tangu Paranoid, karibu miaka 43 kabla. Nina lalamiko moja: mpiga ngoma Bill Ward hayumo, kwa ugomvi wa mkataba, na Brad Wilk aliyepiga badala yake ananyoosha mapigo ambayo Ward angeyapinda kidogo kama mtu wa jazi. Lakini rifu za Iommi kwenye albamu ile ni za mtu anayejua thamani ya kila wiki. Nyimbo zinatembea polepole bila kuchosha. Ilikuwa albamu ya mwisho ya bendi. Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walikutana tena katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, Ozzy akiimba ameketi kwenye kiti cha enzi kwa kuwa miguu haikumbeba tena, na tarehe 22 mwezi uleule akafariki akiwa na miaka 76.

Iron Maiden walitoa Senjutsu mwezi wa Septemba 2021. Dickinson alikuwa ameshapona saratani ya ulimi iliyotangazwa mwaka 2015, na kuna ukwaru mpya kwenye sauti yake ambao naupenda kuliko usafi wa zamani. Tatizo ni urefu. Albamu ina dakika 82, na nyimbo tatu za mwisho, zote za Steve Harris, zinachukua zaidi ya dakika 34. Hell on Earth inastahili kila dakika yake. Ni miongoni mwa nyimbo bora alizowahi kuandika. Death of the Celts inafuata njia aliyokwisha kuipita mara kadhaa, polepole zaidi. Prodyuza mwenye ujasiri angeiondoa, na Hell on Earth ingesimama ikiwa na nguvu maradufu.

72 Seasons ya Metallica, Aprili 2023, ina dakika 77. Hetfield anaimba kuhusu utoto wake bila kujificha, na sauti yake imezeeka vizuri. Cha kushangaza, wimbo mrefu kuliko wote, Inamorata, wenye zaidi ya dakika 11, ndio usiochosha, kwa kuwa una sehemu ya katikati ambapo kila mtu ananyamaza na kuiachia besi ya Robert Trujillo izungumze. Mfupi kuliko wote, Lux Æterna, nao ni mzuri. Katikati pana nyimbo za dakika sita na saba ambazo zingekuwa kali zikipunguzwa hadi nne.

Kwa upande wangu, wazee waliofanya vizuri kuliko wote ni Judas Priest. Tipton aliutangazia umma mwaka 2018 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa ambao humnyang'anya mtu mikono yake kidogokidogo. Hakuondoka kwenye bendi. Aliendelea kutunga, akawaachia Richie Faulkner na Andy Sneap kazi ya jukwaani ambayo mikono yake haikuiweza. Invincible Shield ilitoka tarehe 8 Machi 2024, Halford akiwa na miaka 72, na wimbo wa kwanza, Panic Attack, unaanza kwa mwendo ambao vijana wa miaka 25 wangeuogopa. Hawakujaribu kuthibitisha kwamba bado ni vijana. Walipanga upya nani afanye nini, kisha wakaandika nyimbo kwa ajili ya watu waliokuwepo. Naisikiliza yote bila kuruka wimbo.

Vijana nao hawajalala. Julai 2024 Gojira wa Ufaransa walipiga katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, wakiwa wamesimama kwenye madirisha ya jengo la Conciergerie, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kununua albamu ya metali wakaisikia kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kama niliyefunga bao. Lakini albamu mpya iliyonitikisa mwaka ule ni Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, bendi ya metali ya mauti kutoka Denver. Walikwenda studio ya Hansa jijini Berlin na wakajiwekea sheria ya santuri ya kale: utunzi mmoja upande mmoja, utunzi mwingine upande wa pili, kila mmoja vipande vitatu, jumla dakika 43 na ushei. Ndani ya mipaka hiyo wanatoka kwenye mngurumo wa kaburini na kuingia kwenye kinanda cha anga za juu, kisha wanarudi, na hakuna mshono unaoonekana. Hakuna aliyewalazimisha. Wangeweza kujaza dakika 80.

Na Afrika Mashariki? Hapa kubanwa hakuhitaji kutafutwa. Jijini Nairobi mashabiki na bendi kama Last Year's Tragedy wameubeba muziki huu kwa miaka mingi bila redio kubwa na bila wafadhili wa maana. Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, waliungana kwa jina la Duma. Wakaenda Kampala, wakarekodi na watu wa lebo ya Nyege Nyege Tapes, na mwaka 2020 wakatoa albamu yenye jina lao. Ngoma zake ni za kompyuta, kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haifikii, gitaa limesagwa mpaka likawa vumbi, na juu yake Khanja anapiga ukelele kama mtu aliyeishiwa na njia nyingine ya kusema. Sikiliza Pembe 666 kwa spika nzuri. Hawakuiga Florida wala Norway. Walichukua klabu ya Kampala na jukwaa la metali la Nairobi wakavigonganisha.

Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alifuatia na The Adept mwezi wa Aprili 2024, kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni albamu pana kuliko Duma, yenye hip hop na muziki wa dansi wa kompyuta ndani yake, na mara chache upana huo unaipunguzia makali. Ningependelea wageni wachache na Khanja mwingi zaidi. Lakini hakuna albamu ya metali tangu mwaka 2020 iliyonifanya nihisi kwamba muziki huu bado una mahali pa kwenda kama hiyo na ile ya Duma.

Kinachonikera ni uchache. Bendi zipo na nyimbo zipo, lakini rekodi ni haba, na sababu inayotajwa kila mara ni kwamba studio nzuri ni ghali na zinazojua kurekodi gitaa zito hazipatikani. Naielewa. Lakini Sabbath walikuwa na siku moja, Darkthrone walikuwa na njia nne, na simu iliyo mfukoni mwa mpiga gitaa wa Eastlands, Nairobi, leo inarekodi njia nyingi kuliko hizo. Bendi ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam yenye nyimbo nane ilizozipiga mpaka zikakomaa, chumba kimoja na Jumamosi moja, ina vya kutosha kutoa albamu ya dakika 35. Mimi ni mmoja wa watakaoinunua.